MIFUPA NAYO HUSEMA



Asubuhi katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, watu huketi kwenye mabenchi wakinywa supu ya makongoro. Wakimaliza, mifupa hutupwa jalalani. Je, mifupa ile ni takataka tu?

Tuseme miaka elfu moja imepita. Mtaa umefukiwa na karatasi zote zimeoza. Mtaalamu anachimba pale palipokuwa na jalala. Anakuta mifupa mingi ya miguu ya ng'ombe, lakini pembe na mafuvu ni haba. Atajua nini? Atajua kwamba watu wa hapa walikula ng'ombe, lakini hawakumchinjia hapa. Na atakuwa amesema kweli! Ng'ombe wa jiji huchinjwa machinjioni, kama kule Vingunguti, ndipo nyama ikaletwa mjini.

Hii ndiyo kazi ya wataalamu wa mifupa ya kale. Wanasoma jalala kama wewe unavyosoma gazeti hili.

MFUPA HUSOMWAJE?

Kwanza, huchimba polepole, tabaka kwa tabaka. Udongo huchekechwa ili mifupa midogo ya samaki na panya isipotee.

Pili, kila mfupa hulinganishwa na wa mnyama anayejulikana. Mifupa ya mbuzi na kondoo hufanana mno. Siku hizi hupimwa hata protini iliyobaki ndani yake ili kuitofautisha.

Tatu, hutazama meno, maana meno hueleza umri wa mnyama.

Nne, hutafuta alama. Kisu huacha mkwaruzo mwembamba. Jino la fisi huacha kishimo au mfereji mpana.

MIFANO MIWILI

Mwaka 1959, huko Olduvai, mkoani Arusha, Mary Leakey alivumbua fuvu lililoitwa Zinjanthropus. Fuvu hilo linatunzwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Pale lilipopatikana palikuwa na zana za mawe na mifupa ya wanyama, ya miaka kama 1,800,000 iliyopita. Baadhi ya mifupa ina mikwaruzo ya mawe makali. Mingine ilipasuliwa kwa mawe ili kutoa uboho. Lakini ipo pia yenye alama za meno ya wanyama wakali. Basi wataalamu wamebishana: nani alitangulia kula? Ubishi huu una maana. Mwenye kuwinda na mwenye kuokota masazo ya simba hawaishi maisha ya namna moja.

Mfano wa pili ni Unguja Ukuu, kisiwani Unguja. Watu waliishi hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Majalala yao yana mifupa mingi ya samaki. Imo pia mifupa ya mbuzi, ya kuku na ya panya weusi. Asili ya kuku na panya hao ni Asia. Kwa hiyo walifika kwa vyombo vya baharini. Kuku aliletwa na watu. Panya alijificha kwenye shehena, hakualikwa! Hata hivyo, naye ni shahidi wa biashara ya Bahari ya Hindi. Na kuku unayemwona leo ndani ya tenga pale Kariakoo, asili yake ni huko huko mbali.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wazee wetu wengi wa kale hawakuacha maandishi. Vitabu vya zamani vilitaja zaidi wafalme na matajiri. Jalala linamtaja mvuvi, mchungaji na mpishi.

Kwa hiyo, ukichimba kisima au msingi wa nyumba ukakuta mifupa ya kale pamoja na vigae, usiitupe wala usiihamishe. Mfupa ulioondolewa mahali pake ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka uvumbuzi wa namna hiyo utolewe taarifa. Mwambie kiongozi wa kijiji ili habari ifike kwa wanaohusika. Wewe unajua thamani ya kusoma. Usikubali kitabu cha wazee wetu kichanwe kabla hakijasomwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mahali mfupa ulipokutwa ni muhimu?
2. Mifupa ya panya inatueleza nini juu ya biashara?
3. Jalala la kijiji chenu litaeleza nini juu yenu?