Kumlea Mbwa Koko: Somo Kutoka kwa Mbwa Wanaosafiri Ng'ambo

Lengo la somo: Mkazi aelewe kwa nini mbwa aliyeokotwa hachukuliwi kiholela, na ajue hatua za kufuata kabla hajamzoesha watoto.

Ukipita mjini Maua asubuhi, hasa karibu na buchari na majaa ya taka, utawaona mbwa wasio na mwenyewe. Wako wanaowafukuza kwa mawe, na wako wanaowahurumia. Mtoto huokota mbwa mdogo akaenda naye nyumbani. Mkulima wa miraa humchukua mwingine amlindie shamba usiku. Huruma ni njema na ulinzi unahitajika. Lakini kabla ya kufungua lango tujiulize: mbwa huyu amebeba nini?

Mbwa wa Kenya anayekwenda Uingereza

Wageni wanaoishi nchini wakati mwingine humwokoa mbwa koko, na muda wao ukiisha hutaka kurudi naye kwao. Hawawezi kumpakia ndegeni tu. Kwa mbwa anayetoka Kenya kwenda Uingereza, utaratibu ni huu:

1. Awekewe chipu chini ya ngozi, yenye nambari yake pekee, ili asibadilishwe na mwingine.
2. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, akiwa na umri wa wiki 12 au zaidi.
3. Siku 30 au zaidi baada ya chanjo, atolewe damu ipimwe kama ina kingamwili za kutosha.
4. Angoje miezi 3 tangu siku ya kutolewa damu.
5. Apewe dawa ya minyoo na daktari wa mifugo kati ya siku 1 na 5 kabla ya kuwasili.

Hesabu mwenyewe: siku 30 na miezi 3 ni kama miezi minne. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo hudai kipimo cha damu na kungoja kwa mbwa wa kutoka Kenya. Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, haimpokei mbwa yeyote aliye chini ya miezi 6.

Kwa nini wangoje?

Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa, mara nyingi kupitia jeraha la kuumwa. Havionekani mara moja. Husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, safari inayoweza kuchukua wiki au miezi. Muda huo wote mbwa anakula, anacheza na kutikisa mkia kama kawaida.

Kwa hiyo chanjo ya leo haimsafishi mbwa aliyeumwa mwezi uliopita. Kipimo cha damu huonyesha kwamba chanjo imeshika, na miezi ya kungoja hutoa nafasi ya ugonjwa kujitokeza kama ulikuwa umejificha.

Sisi na lango letu

Mbwa wa sokoni hapa Maua hapiti uwanja wa ndege. Anafika nyumbani kwa dakika kumi, mikononi mwa mtoto. Kwa hiyo ukaguzi ni kazi ya mwenye boma. Fanya hivi:

• Usimguse mbwa anayetokwa na mate mengi, anayeyumbayumba, anayeuma ovyo au aliyebadilika sauti. Mjulishe afisa wa mifugo.
• Ukimchukua mwenye afya, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo achanjwe na apewe dawa ya minyoo. Weka cheti chake na urudie chanjo kila mwaka.
• Mtenge kwa miezi ya kwanza. Awe na banda, maji na chakula, na ahudumiwe na mtu mzima mmoja.
• Mhasi. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Watoto wasio na mlezi ndio mbwa koko wa mwaka ujao.
• Usimlishe ini au mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa. Humo hukaa vifuko vya tegu ambaye, kupitia kinyesi cha mbwa, huweza kumwambukiza binadamu.

Jijini Nairobi, shirika la KSPCA huwachanja na kuwahasi mbwa waliookolewa kabla ya kuwakabidhi kwa walezi wapya. Nawe fuata mpango huohuo.

Ukimchoka, usimtupe barabarani wala kumwacha afe njaa. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama na kumnyima chakula.

Mbwa akimuuma mtu

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya miti shamba. Nenda hospitalini siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo, na umalize dozi zote za chanjo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata. Mbwa asiuawe haraka ikiwa anaweza kufungwa salama: afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, na afisa wa mifugo apewe habari.

Faida ya kijiji kizima

Mkakati wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, wa 2014 hadi 2030, unalenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Yaani kati ya mbwa 10 wa kijiji chako, 7 wawe wamechanjwa. Hapo virusi hukosa njia ya kupita. Mbwa koko mmoja aliyechanjwa na kutunzwa huongeza hesabu hiyo, na hulinda hata watoto wa jirani asiyefuga mbwa.

Jipime

1. Kwa nini mbwa anayeonekana mzima anaweza kuwa na virusi?
2. Miezi 3 ya kungoja ina kazi gani ambayo chanjo peke yake haiwezi?
3. Mtoto wako ameumwa saa hii. Utafanya nini kwanza, na utampeleka wapi?

Lijibuni swali la tatu pamoja na watoto jioni ya leo, kabla hawajalihitaji.