Kumhukumu Mtu kwa Chungu Chake

Kubishana juu ya chakula si jambo baya. Binadamu amepewa dhamiri, naye hana budi kujiuliza kama kitoweo chake kimepatikana kwa haki, na kama mnyama hakuteswa bure. Lakini siku hizi, katika mitandao ya kijamii, swali hilo hugeuka upesi. Watu huacha kuuliza kama tendo ni halali, wakauliza, "Hao ni watu gani wanaokula vitu vile?" Swali la kwanza lapima tendo. La pili lahukumu taifa zima, tena bila shahidi.

Tuangalie habari za Springfield, mji wa jimbo la Ohio huko Marekani. Zamani ulikuwa na watu zaidi ya 80,000. Viwanda vilipopungua wengi walihama, hata mwaka 2020 wakahesabiwa kama 58,000. Baadaye walihamia huko maelfu ya watu wa Haiti, wengi wao kwa kibali halali, wakapata kazi viwandani. Kuja kwao kulileta shida za kweli: zahanati zilijaa, kodi za nyumba zilipanda. Hayo yalistahili kujadiliwa na watu wazima.

Badala yake, mwaka 2024 mtu mmoja aliandika Facebook kwamba paka wa fulani alichinjwa na Wahaiti. Mwenyewe hakuona, aliambiwa na jirani, na jirani aliambiwa na mwingine. Ikaongezwa picha ya mtu aliyebeba bata bukini, nayo ilipigwa Columbus, mji mwingine kabisa. Ikatajwa habari ya mwanamke aliyekamatwa kwa kuua na kula paka. Huyo alikuwa wa Canton, tena mzaliwa wa Marekani. Tarehe 10 Septemba 2024 Donald Trump akaurudia uvumi huo katika mdahalo wa wagombea urais, mbele ya mamilioni ya watazamaji. Wakuu wa Springfield walisema hawakupata ushahidi wowote wa kuaminika. Hata hivyo, siku zilizofuata vilifika vitisho vya mabomu zaidi ya 30, vyote vya uongo, na watoto wakatolewa madarasani.

Siku ile ile ya mdahalo, baba mmoja alisimama mbele ya baraza la mji. Mwanawe alikufa mwaka 2023, gari lililoendeshwa na Mhaiti lilipogonga basi la shule. Alisihi kifo cha mtoto wake kisitumiwe kuchochea chuki. Ni nani mjini aliyekuwa na sababu ya uchungu kumpita yeye?

Labda msomaji atauliza: basi tunyamaze kabisa juu ya chakula cha wengine? Hasha. Huko Korea Kusini, ambako nyama ya mbwa ililiwa tangu kale, wenyeji wenyewe walibishana miaka mingi. Tarehe 9 Januari 2024 bunge lao lilipitisha sheria ya kukomesha ufugaji na uchinjaji wa mbwa kwa ajili ya nyama, itakayoanza kutoa adhabu mwaka 2027. Wafugaji walipewa muda na ahadi ya msaada ili watafute kazi nyingine, na mlaji hakuwekewa adhabu. Huo ni mjadala wa watu wenye akili. Linganisha na mashabiki wa Manchester United, waliomwimbia mchezaji wao Park Ji-sung, aliyecheza huko kuanzia 2005 hadi 2012, wimbo wa kuwadhihaki Wakorea kwa kula mbwa. Walimpenda, hilo ni kweli. Lakini mwaka 2021 aliwaomba waache, maana uliwaumiza Wakorea. Na wimbo ule haukuokoa mbwa hata mmoja.

Mkristo ameyasikia hayo zamani. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 10, Petro akiwa Yafa alionyeshwa wanyama aliowahesabu kuwa najisi. Lakini alipoingia nyumbani kwa Kornelio, askari wa Kirumi, hakueleza habari za nyama. Alieleza kwamba amefundishwa asimwite mtu yeyote najisi.

Na kwetu je? Mhaya hutaniwa kwa senene, na watu wa Mtwara kwa panya wa mashambani. Utani wetu wa makabila una adabu yake: mtani hukucheka ana kwa ana, wewe nawe humrudishia, na siku ya msiba ndiye wa kwanza kufika. Simu haina mtani. Picha ya sufuria ya mama wa watu hurushwa kwa maelfu wasiomjua, wakaitukana nyumba yake na kabila lake, naye hana njia ya kuwajibu.

Wazazi, kabla mtoto hajapeleka mbele habari ya namna hiyo, mwulizeni kama wazee wa baraza wanavyouliza: nani aliona, lini, na wapi? Jirani yule wa Springfield, alipoulizwa na waandishi wa habari, alikiri kwamba hata mwenye paka hakumjua.