Jee, Amali Njema Zatosha Kumfikisha Mtu Peponi katika Itikadi ya Manasara?

Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Husikiwa mara nyingi barazani Muislamu akimwambia Mnasara: "Dini yenu imefuta amali, mtu akisha kuamini, na atende atakalo." Na Mnasara naye humjibu: "Nanyi mwainunua Pepo kwa sala na saumu." Maneno yote mawili hayakusimama juu ya ilimu. Na kumsingizia mtu asilolisema ni dhuluma, hata akiwa si wa dini yako. Tena mwenye kurudi itikadi asiyoijua hurudi neno ambalo halikusemwa.

Suala: Manasara wasema nini khasa?

Jawabu: Wengi wao, wa Kanisa la Rumi na Waprotestanti, waitakidi kuwa kosa la Nabii Adamu limeharibu tabia ya wanawe wote, hata mtu hawezi kujiokoa kwa nguvu zake. Kwa hivyo wokovu kwao ni neema, si ujira, na neema hiyo yatokana na kafara ya Masihi msalabani. Tegemeo lao kubwa ni nyaraka za Paulo kwa Warumi na kwa Waefeso, ambamo afundisha kuwa mtu hupata haki mbele ya Mungu kwa imani, asipate la kujisifia. Lakini katika kitabu kile kile mna waraka wa Yakobo, ufundishao kuwa imani isiyozaa vitendo haina uhai. Na katika Injili ya Mathayo, mlango wa 25, watu wapambanuliwa Siku ya Hukumu kwa kuwalisha wenye njaa na kuwavika walio uchi, au kwa kuacha kufanya hayo. Basi wamekhitalifiana.

Suala: Ikhtilafu yao ilikuwaje?

Jawabu: Mwanzoni mwa karne ya 5 ya miladi, mtawa mmoja jina lake Pelagius alifundisha kuwa mwanadamu, kwa hiari yake, aweza kuzitii amri za Mungu na kuepukana na dhambi. Akapingwa na Augustino, askofu wa Hippo, mji uitwao leo Annaba katika nchi ya Algeria. Mwaka 418 maaskofu waliokutana Karthago, karibu na Tunis ya leo, wakayakataa mafundisho ya Pelagius. Tangu hapo neno la kuwa amali peke yake zatosha si neno la Kanisa la Rumi.

Mwaka 1517, katika Ujerumani, Martin Luther alipinga hati za kupunguziwa adhabu ya dhambi zilizokuwa zikitolewa kwa fedha. Akafundisha kuwa imani peke yake ndiyo impayo mtu haki. Na waraka wa Yakobo haukumpendeza, hata katika tafsiri yake ya Agano Jipya ya mwaka 1522 aliuweka karibu na mwisho. Maaskofu wa Rumi wakamjibu mwaka 1547, katika baraza lao la Trent, kuwa neema ndiyo mwanzo, lakini mtu hushirikiana nayo, na amali zake humzidishia haki. Mwisho, tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja, kuwa mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa ustahili wake, na amali njema ni matunda yake.

Suala: Na Waislamu jee?

Jawabu: Hapa yapasa kujihadhari. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume s.a.w. amejuulisha kuwa hapana atakayeingizwa Peponi na amali yake. Na alipoulizwa kama hata yeye, akajibu kuwa hata yeye, ila afunikwe na rehema ya Mola wake. Na Kurani, katika Sura ya Nahl, yaeleza kuwa wacha Mungu wataambiwa waingie Peponi kwa yale waliyokuwa wakiyatenda. Wanavyuoni wameyapatanisha haya: amali ni sababu, si thamani. Mkulima asiyepanda hangoji mavuno. Lakini si jembe lake literemshalo mvua.

Basi tofauti ya dini mbili hizi haiko katika kuihitaji rehema, iko katika njia yake. Mnasara asema rehema imepita katika kafara ya mmoja kwa ajili ya wote. Muislamu asema Nabii Adamu alitubu akakubaliwa, kosa lake halikurithiwa, kila nafsi itaulizwa yake, na mja hurejea kwa Mola wake pasi na wa kati. Hapo ndipo penye kujadiliwa, tena kwa njia iliyo njema, kama ilivyoamrishwa.

Na kabla ya kumuuliza Mnasara khabari ya amali, Muislamu na aiulize nafsi yake: sala zake zimekuwaje, na amana za watu, na haki ya jirani? Kwani mwenye kujitapa kwa amali amelidhania jembe kuwa ndilo mvua. Na mwenye kutumai rehema bila ya amali angojea mavuno ya shamba asilolipanda. Wallahu aalam.