Kufupisha, Kubana au Kukunja? Istilahi na Utendakazi wa Programu ya gzip

Programu ya gzip, iliyobuniwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler na kutolewa mwaka wa 1992, huendeshwa kwa amri zinazoandikwa kwenye tarakilishi, bila vitufe vya kubofya. Kazi yake ni kupunguza ukubwa wa faili. Mwanafunzi wa Kiswahili anapotakiwa kuieleza, tatizo la kwanza ni kitenzi.

'Kufupisha' kunapotosha. Ufupisho, jinsi unavyofunzwa darasani, huacha baadhi ya maneno. Gzip haiachi hata nukta. Ikikutana na mfuatano wa herufi uliokwisha kutokea, huandika tu umbali wa kurudi nyuma na urefu wa kunakili, kwa utaratibu ulioelezwa na Jacob Ziv na Abraham Lempel mwaka wa 1977. Chukua sentensi hii: 'Watoto wale wadogo wawili wanacheza.' Mfuatano mfupi kabisa unaoweza kurejelewa ni wa baiti 3. Kiambishi wa- chenye herufi mbili hakitoshi, lakini nafasi inayokitangulia huhesabiwa pia, na kima kikatimia. Upatanisho wa kisarufi, ambao wageni huulalamikia sana, hapa huwa akiba. (Akiba hiyo huonekana katika matini ndefu, sentensi moja huweza hata kuongezeka ukubwa, kwani gzip huongeza maelezo yake yasiyopungua baiti 18.)

Isitoshe, amri ya gunzip huirejesha faili ilivyokuwa. Kitenzi kifaacho basi sharti kikubali kauli ya kutendua. 'Kufupisha' hakuna kinyume cha namna hiyo. 'Kubana' kuna 'kubanua', ila kubanua hudokeza kutumia nguvu. 'Kukunja' na 'kukunjua' ndivyo vinavyofaa zaidi: leso iliyokunjwa hukunjuliwa ikiwa nzima.

Ukunjaji huu una hatari yake. Amri ya 'gzip tasnifu.txt' huiondoa faili asilia na kubakiza tasnifu.txt.gz pekee, anayetaka zote mbili huongeza -k, chaguo lililoanza mwaka wa 2013. Kwa kuwa kila sehemu hutegemea iliyotangulia, baiti moja ikiharibika, yanayofuata huenda yasisomeke tena. Mtafiti aliyekunja mahojiano yake yote ya nyanjani aanze kwa 'gzip -t', amri inayokagua uzima wa faili, kabla ya kufuta nakala nyingine yoyote.