Nagai, Osaka: Fika Bustanini Kabla ya Taa

Anayetaka kuona sanaa ya taa ya kundi la teamLab huko Japani huelekezwa Tokyo, kana kwamba hakuna kwingine. Tokyo kazi zao nyingi zimo ndani ya majengo: vyumba vya vioo, maji ya kufika magotini, na umati unaongoja zamu ya kupiga picha. Mimi ningeiacha. Kundi hilohilo lina maonyesho ya usiku Osaka, kusini mwa jiji, ndani ya Bustani ya Mimea ya Nagai. Yalifunguliwa mwaka 2022, na humo sanaa yao imepata wenzi wanaoistahili: miti hai, upepo, mvua na bwawa.

Nina sharti moja tu, na silegezi: ingia mchana kwanza. Wageni wengi hufika giza limeshatanda, wakazunguka saa moja, wakaondoka bila kujua ni mti gani uliokuwa ukiwamulikia uso. Bustani hii ina hekta 24 hivi, na sehemu inayonivuta kupita zote ni ule msitu wa historia, uliopandwa kwa kufuata zama. Unaanza na mimea iliyoota eneo la Osaka mamilioni ya miaka iliyopita, unatembea taratibu hadi ya leo. Humo utaikuta metasekoya. Mtaalamu wa Kijapani, Shigeru Miki, aliupa mti huo jina mwaka 1941 akiwa na visukuku peke yake mkononi, wakati ulidhaniwa umetoweka duniani. Miaka michache baadaye ikathibitika kwamba China bado ulikuwa unaota. Ukishaugusa gome lake mchana, usiku hutaiangalia miti kama ukuta wa kutupia rangi.

Sasa tiketi, maana hapa ndipo pesa zinapovuja. Ya mchana na ya usiku ni mbili tofauti. Moja haikuingizi kwenye nyingine. Ya mchana ni rahisi sana, mia chache za yen. Ya usiku inunue kwenye tovuti ya maonyesho yenyewe. Wakala mmoja wa mtandaoni alinipandishia bei kwa kisingizio cha ada ya huduma, akalipisha kwa dola ili tofauti isionekane haraka, kisha akanitumia risiti isiyo na msimbo wa kuingilia. Niliupata baada ya kubishana naye jioni nzima. Linganisha bei kwa yen kabla hujatoa namba ya kadi, na kama muuzaji hataji saa ya kuingia, mwache.

Jumatatu iepuke: mchana bustani hufungwa, na usiku nako kuna Jumatatu ambazo maonyesho hayapo. Jambo jingine linalowaudhi watu ni pengo la jioni. Bustani hufunga saa kumi na moja, mapema zaidi wakati wa baridi, na kila mtu hutoka nje. Maonyesho yanangoja jua lizame, hivyo majira ya joto unaweza kukaa saa mbili na zaidi bila la kufanya. Kula kabisa wakati huo, karibu na kituo cha treni, badala ya kukimbilia mtaa wa Dotonbori wenye msongamano na vyakula vya bei ya watalii.

Au nenda ukauzunguke uwanja wa Nagai, ulio jirani kabisa. Mashindano ya dunia ya riadha ya 2007 yalifanyika hapo, na Wakenya wawili, Luke Kibet na Catherine Ndereba, walitwaa dhahabu za marathoni katika joto kali la Osaka. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, naona hilo linatosha kuipa ziara yako saa nzima.

Usafiri una mitego miwili. Treni ya chini ya ardhi ya njia ya Midosuji ndiyo nzuri, lakini nyingi huishia Tennoji na abiria wote hushushwa. Subiri iliyoandikwa Nakamozu. Nagai ni kituo cha tatu baada ya Tennoji. Ukitoka uwanja wa ndege wa Kansai, treni ya haraka hupita Nagai bila kusimama, kwa hiyo nenda nayo hadi Tennoji ubadili.

Ndani ya maonyesho, usigandie pale penye maumbo makubwa ya yai yaliyosimama kwenye nyasi. Ndiyo yaliyojaa kwenye picha zote, na ndiyo yenye foleni. Ukiyagusa hubadili rangi na kutoa sauti, na ya jirani huitikia. Ni mazuri, lakini kundi hili limeyasimamisha miji mingi. Nenda kwenye bwawa, ambako taa zinazoelea huyumbishwa na upepo na kupokezana rangi bila mtu kuzigusa. Nenda kwenye mikaratusi. Sisi tumezoea kuuona mti huu kama nguzo au kuni, na huko utausikia ukinukia gizani huku mwanga ukipanda na kushuka kati ya mashina. Ukifika wakati wa baridi, kamelia, ndugu wa mchai wa Mufindi na Kericho, huwa zimechanua, na kwangu huo ndio msimu bora: giza huingia mapema, pengo la jioni hupungua, na mbu hawapo. Kiangazi mbu ni wakali. Vaa suruali ndefu na ujipake dawa kabla ya kuingia.

Tripodi iache hotelini. Mvua ya kawaida isikurudishe, kwa sababu kazi hizi hubadilika kwa matone na umati hupungua mno. Beba koti la mvua badala ya mwavuli, ambao utawazibia walio nyuma yako kwenye vijia vyembamba. Kukiwa na tufani, angalia tangazo la siku hiyo kabla ya kupanda treni.