SOMO LETU: TUISHI NA NYIGU KWA TAHADHARI



Katika ziara zetu za vijijini Bariadi tumeulizwa mara nyingi: kiota cha nyigu kikionekana kwenye paa la jiko, kichomwe au kiachwe? Swali hili si dogo. Tumefika kwenye kaya moja ambayo paa lake la nyasi liliteketea kwa moto uliowashwa kufukuza nyigu. Nyigu waliruka, jiko likaungua.

Kwanza tuwafahamu. Dondola anayejenga vijumba vya tope ukutani huishi peke yake, hukamata buibui wa kulisha watoto wake, na ni nadra kumuuma mtu. Nyigu wenye kiota kinachofanana na karatasi huishi kwa kundi na huuma wanaposumbuliwa. Lakini hao hao hukamata viwavi, na sisi wakulima wa pamba wa Simiyu tunaijua hasara ya funza wa vitumba.

Afrika imewahi kuokolewa na nyigu. Miaka ya 1970 mdudu mweupe kama unga, kutoka Amerika Kusini, alianza kuangamiza mihogo. Watafiti wakiongozwa na Hans Herren walileta kutoka huko huko nyigu mdogo sana anayetaga ndani ya mdudu huyo. Aliachiwa mashambani kuanzia mwaka 1981, na mihogo ikapona. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Mambo ya kuzingatia:

1. Kiota kilicho mbali na mapito ya watu kiachwe. Watoto waonywe wasikipige mawe.
2. Kilicho mlangoni au chooni kiondolewe usiku na mtu mzima mwenye uzoefu, aliyejifunika mwili wote na uso. Moto na petroli visitumike kamwe.
3. Dawa ya pamba ipulizwe pale tu ukaguzi wa shamba unapoonyesha haja, kwa kuwa huua nyigu pamoja na funza.
4. Aliyeumwa aoshwe kwa maji na sabuni, kisha akandwe kwa kitambaa cha maji baridi. Akivimba midomo, akipumua kwa shida, akipata kizunguzungu au akiumwa na nyigu wengi, apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya kujadili:

Je, shuleni na kanisani kwetu viota viko wapi? Nani katika kamati atavikagua kabla ya mvua? Usiku wa manane, mgonjwa atasafirishwa kwa chombo gani?

Tunaomba kila kamati ijibu swali la mwisho kwanza.