Giaboksi ya Pikapu Kama Zana ya Kufundishia Kanieneo na Joto

Katika vyuo vyetu vya ualimu fizikia hufundishwa mara nyingi kana kwamba kanuni zake hutenda kazi ubaoni tu. Mwanachuo hukariri kwamba kanieneo ni kani kwa kila kipimo cha eneo, hukokotoa maswali matano, hupata vema zake, kisha hutoka nje akapanda gari ambalo mwendo wake wote unategemea kanuni ile ile, naye asiitambue. Makala haya yanaeleza vipindi kadhaa nilivyowafundisha wanachuo wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha nyanda za kati, mkoani Dodoma, kwa kutumia zana moja kubwa: pikapu ya chuo yenye giaboksi otomatiki. Sikuichagua zana hiyo kwa hiari yangu. Ililetwa darasani na mkasa, na katika mkasa huo mimi mwenyewe nilikuwa na sehemu.

Pikapu ile ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka wakufunzi kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule za vijijini. Mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimekolea, tulinasa katika udongo mweusi wa mbuga upande wa Bahi. Wiki tatu baadaye gari likaanza kuteleza kwenye miinuko: injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Katika mwezi huo kila aliyepanda alikuwa na maoni yake. Mmoja alisema oili ibadilishwe yote mara moja. Mwingine akaapa kwamba giaboksi nzee ikibadilishwa oili hufa. Mwishowe dereva akaandikiwa barua ya kutakiwa ajieleze kwa nini ameharibu mali ya chuo. Hapo ndipo nilipoomba ruhusa kwa Mkuu wa Chuo nilichukue gari lile kwa vipindi sita kabla halijapelekwa gereji.

Kosa la kwanza ambalo mwalimu hana budi kuliepuka ni kuanza na jina la kila kipande. Nimeona masomo ya ufundi yakizama katika majina hata wanafunzi wakadhani kujua jina ni kujua kazi. Nilianza na sufuria pana yenye maji na kibuyu kidogo kilichokatwa kikaelea kama bakuli. Mwanachuo mmoja aliyakoroga maji kwa mwiko ukingoni pasipo kukigusa kibuyu. Baada ya muda mfupi kibuyu kikaanza kuzunguka. Swali likawa: nani amekizungusha, na kwa mkono upi? Katika gari la gia za kawaida injini na giaboksi hushikamana kwa sahani ya klachi, na dereva huzitenganisha kwa mguu wake. Katika gari la otomatiki pedali hiyo haipo. Injini huzungusha mapanga ndani ya chungu cha chuma kilichojaa oili, oili nayo husukuma mapanga mengine yaliyo upande wa giaboksi. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyepata hataza ya wazo hili mwaka 1905, akilikusudia kwa ajili ya meli. Magari yaliyoundwa kwa wingi yakiwa na giaboksi otomatiki kamili yalianza kuuzwa Marekani na kampuni ya General Motors kwa magari ya mwaka 1940.

Kisha niliwataka waongeze jambo moja: mwanachuo wa pili akizuie kibuyu kwa kidole huku wa kwanza akiendelea kukoroga kwa nguvu. Mkono wa mkorogaji ulichoka, kibuyu hakikwenda popote. Nguvu ile imekwenda wapi? Swali hilo niliwaachia hadi kipindi cha nne, nalo liliwakaa kichwani kuliko kama ningelijibu papo hapo.

Kipindi cha pili kilikuwa cha sirinji mbili, moja nyembamba na moja nene, zilizounganishwa kwa mpira wa dripu na kujazwa maji. Wanachuo walipima kipenyo cha kila moja na kukokotoa eneo. Tukisema eneo la nyembamba ni sentimita 1 ya mraba na la nene ni sentimita 3 za mraba, kani ya nyutoni 20 upande mmoja hutoa nyutoni 60 upande wa pili, msuguano ukiachwa. Ndivyo oili inavyozikaza klachi ndogo ndogo zilizomo ndani ya giaboksi: pampu huitia oili kanieneo, vali huchagua njia, nayo oili husukuma pistoni zinazobana sahani pamoja. Gia ya kwanza ni kundi moja la sahani zilizobanwa. Gia ya pili ni kundi jingine.

Jaribio la sirinji lina faida nyingine ambayo vitabu vingi huisahau. Tuliacha kwa makusudi povu la hewa ndani ya mpira. Mara kidole kikahisi ulegevu: unasukuma, upande wa pili unachelewa kuitika. Mwanachuo mmoja alisema mwenyewe, bila kuongozwa, kwamba gari lenye oili pungufu litafanya vivyo hivyo, kwa kuwa pampu itavuta hewa. Ni kweli. Jambo lisilotarajiwa na wengi ni kwamba oili ikizidi kipimo hupatikana ulegevu ule ule, kwa sababu gia zinazozunguka huipiga oili iliyozidi ikawa povu. Kwa hiyo desturi ya kuongeza kidogo “kwa usalama” si usalama.

Kipindi cha tatu kilijengwa juu ya sentensi moja niliyoiandika ubaoni: pampu ya giaboksi huendeshwa na injini. Niliwataka wanachuo wachote ndani ya sentensi hiyo kila tahadhari watakayoweza. Mmoja aliuliza, “Mwalimu, kama ndivyo, kwa nini mwaka jana tuliamriwa kulisukuma gari hili ili liwake?” Darasa lilicheka, lakini jibu lilipatikana. Injini isipozunguka pampu haitoi oili, klachi hazibanwi, magurudumu hayawezi kuizungusha injini hata gari likisukumwa na kijiji kizima. Kutoka hapo walifika wenyewe kwenye hatari iliyo kubwa zaidi, yaani kulivuta gari la otomatiki kwa kamba injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayoendeshwa yakigusa ardhi. Gia huzunguka kavu. Kilomita chache za namna hiyo zaweza kuumaliza mtambo uliokuwa mzima. Gari kama hilo libebwe juu ya lori, au magurudumu hayo yanyanyuliwe, au shafti ya nyuma ifunguliwe kwanza.

Kipindi cha nne kilihusu joto, na hicho ndicho ninachowashauri wakufunzi wenzangu wasikikose hata kama hawana gari. Turudi kwenye kibuyu kilichozuiwa kwa kidole. Tuseme gari limekwama, dereva amekanyaga mafuta, magurudumu yanakataa kuzunguka, na kilowati 24 za injini zinaishia ndani ya oili. Giaboksi ina oili lita 9 hivi, yaani takriban kilo 8. Kilo moja ya oili huhitaji kilojuli 2 hivi ili joto lake lipande nyuzi 1 ya Selsiasi. Kilo 8 zahitaji kilojuli 16. Gawanya 24 kwa 16: nyuzi 1.5 kwa kila sekunde. Katika sekunde 20 joto limepanda kwa nyuzi 30. Bila shaka chuma hunyonya sehemu ya joto hilo na rejeta huondoa sehemu nyingine, nami niliwataka wanachuo waeleze hesabu yetu imezidisha kwa sababu zipi. Hata hivyo hakuna aliyelisahau jibu.

Mafundi wana kanuni ya kukadiria, si sheria ya maumbile, kwamba oili inayofanya kazi katika nyuzi 80 hivi yaweza kudumu kilomita 160,000, na kwamba umri huo hupungua kwa nusu kila joto la kazi linapozidi kwa nyuzi 11. Wanachuo waliichora: nyuzi 91, kilomita 80,000, nyuzi 102, kilomita 40,000, nyuzi 113, kilomita 20,000. Mwalimu wa hisabati aliichukua grafu ile akafundishia mfululizo wa kijiometri, jambo lililonifurahisha kuliko maksi zozote.

Hapo nilinyamaza kidogo, kisha nikawaambia kilichotokea Bahi. Tulipokwama, mimi ndiye niliyekuwa nimeketi mbele, na mimi ndiye niliyemhimiza dereva aende mbele na nyuma haraka haraka, mbele na nyuma, apate kuchomoka, kwa kuwa jua lilikuwa linakuchwa na shule mbili zilikuwa bado hazijakaguliwa. Dereva alisema mara mbili, “Mwalimu, tuliache lipoe, tukate matawi tuweke chini ya magurudumu.” Sikumsikiliza. Tulifanya hivyo karibu nusu saa. Darasani palikuwa kimya. Mwanachuo mmoja akauliza kama Mkuu wa Chuo anajua habari hizo. Nilijibu kwamba atazijua kabla ya jioni, nami nikaenda.

Kipindi cha tano kilifanyika uwanjani. Tuliliendesha gari mwendo mfupi lipate joto, tukaliegesha mahali tambarare, handibreki ikavutwa. Dereva, ambaye nilimwalika awe mwalimu wa kipindi hicho, alipitisha kijiti cha gia katika nafasi zote polepole, akakirudisha kwenye P, akaiacha injini ikinguruma taratibu. Ndipo kijiti cha kupimia kilipochomolewa, kikafutwa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, kikarudishwa, kikasomwa. (Si magari yote hupimwa hivi. Baadhi ya giaboksi za siku hizi hazina kijiti kabisa. Kipimo chake huangaliwa kwenye kizibo kwa joto maalumu, na hiyo ni kazi ya fundi. Kitabu cha gari ndicho kiongozi, ingawa kwa magari yaliyotumika kutoka Japani kitabu chenyewe mara nyingi kimeandikwa kwa Kijapani.) Wanafunzi wawekwe mbali na feni na ekzosi, na kijiti akishike mtu mzima.

Tone moja lilidondoshwa juu ya karatasi nyeupe kando ya tone la oili mpya. Oili mpya ya gari letu ni nyekundu angavu. Ile ya kwenye kijiti ilikuwa ya kahawia, yenye harufu ya kitu kilichoungua, tena chini ya alama. Nilieleza kwamba ingekuwa kama maziwa yenye wekundu, maana yake maji ya rejeta yamevujia ndani. Chini ya gari tulikuta unyevu kwenye bomba la mpira liendalo kwenye kipoozeo. Kwa hiyo sababu zilikuwa mbili, upungufu na joto, na zilisaidiana.

Je, oili ibadilishwe au isibadilishwe? Maoni yangu ni haya. Oili mpya haifufui sahani zilizokwisha kuliwa, wala si yenyewe inayoziua. Mara nyingi watu hubadilisha oili wakati gari limekwisha kuanza kuteleza, kisha hulaumu dawa badala ya ugonjwa. Ibadilishwe mapema, kwa aina iliyotajwa na mtengenezaji na si nyingine, na kwa kufuata muda ambao kitabu hutaja kwa matumizi magumu: vumbi, joto, mizigo, miinuko. Sijui ni gari gani la Dodoma lisilohesabika humo. Pikapu ya kubeba tani moja hubebeshwa kreti za zabibu hadi matairi yabonyee. Mbegu za nyasi na vumbi huziba mapezi ya rejeta. Na dereva anayeingia katika korongo lenye maji giaboksi ikiwa moto asifikirie injini peke yake, kwani hewa iliyo ndani ya giaboksi hupoa ghafla, husinyaa, na yaweza kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia. Hilo nalo ni somo zima la sheria za gesi.

Wenye kuona kwamba mambo haya ni ya gereji na si ya chuo wakumbuke Kongwa, si mbali na hapa. Mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ulileta matrekta mengi, baadhi yakiwa masalio ya kijeshi yaliyonunuliwa Ufilipino. Mengi yaliharibika mapema, katika udongo ambao kiangazi huukausha ukawa kama saruji, mikononi mwa watu ambao hawakupewa muda wa kufundishwa, na vipuri vikiwa haba. Mpango ukaachwa mwaka 1951.

Kuhusu kipindi cha sita sina mengi: kilikuwa cha maswali na majibu ya maandishi. Swali nililoliona kuwa bora kupima ufahamu ni hili: “Gari la otomatiki limekwama kwenye mbuga. Andika maelezo ambayo ungempa abiria mwenye haraka.” Wanachuo waliokariri waliandika fasili ya kanieneo. Wengine waliandika habari ya matawi.

Giaboksi ilifunguliwa na fundi mwezi wa Mei. Sahani za gia ya kurudi nyuma zilikuwa zimeungua, na unga mweusi umejaa kwenye chujio. Kwa muda wa wiki saba chuo hakikuwa na gari, na wanachuo wanne waliokuwa katika shule za mbali walimaliza mazoezi yao wamekaguliwa mara moja tu badala ya mara tatu. Ripoti zao ziliandikwa hivyo. Barua ya dereva ilifutwa, na yangu ikaandikwa. Sasa mna daftari ndani ya pikapu lenye safu za tarehe, kilomita, kipimo cha oili na rangi yake, ambalo wanachuo hulijaza kila Jumatatu kwa zamu. Safu ya tano, ya harufu, iliongezwa na dereva.